Kabla Hujaufunga Mguu: Mwongozo wa Kutambua na Kutibu Magonjwa ya Ateri na Vena

Mzee aliingia kliniki ya vidonda akiwa ameshika bandeji yangu mkononi. Nilimfunga mwenyewe siku mbili kabla, kwa kiburi cha kijana aliyetoka chuoni juzi: kidonda juu ya kifundo, mguu umevimba kidogo, nikasema huyu ni wa vena, nikambana kuanzia kwenye vidole hadi chini ya goti. Usiku wa pili aliikata kwa kisu cha jikoni. Alikuwa mlinzi wa usiku, mtu aliyezoea kuvumilia, na aliniambia maneno matatu tu: "Mwanangu, uliniwashia moto." Vidole viwili vilikuwa vimegeuka rangi ya bilinganya. Nilikuwa sijamgusa mapigo ya mguu. Nusu dakika ya kutafuta mapigo ingenionyesha kwamba ateri yake ilikuwa imeziba, na kwamba ile bandeji ingemnyima hata kile kidogo kilichokuwa kikimfikia.

Mguu unaougua kwa sababu ya mishipa ya damu huwa na shida moja kati ya mbili: damu haifiki, au ikishafika hairudi. Wapo wenye zote mbili, na hao ndio wanaotuhadaa. Inayoleta ni ateri, mshipa wenye kuta nene unaosukumiwa damu na moyo moja kwa moja. Inayorudisha ni vena, ambayo kuta zake ni nyembamba na kazi yake ni ngumu, kwa kuwa damu inapanda kutoka kisiginoni hadi kifuani. Vena ina wasaidizi wawili. Kuna vali, vimilango vinavyofunguka kuelekea juu tu, na kuna kigimbi, ambacho kila ukipiga hatua huikamua damu kama mkono unavyokamua kifumbu cha nazi.

Ateri huharibika kwa kuziba taratibu: mafuta na chokaa vinajijenga ukutani, na wanaoharakisha kazi hiyo ni sigara, kisukari, presha na kolesteroli. Vena huharibika kwa vali kulegea, au kwa damu kuganda ndani yake. Sasa angalia tiba zake. Mguu wa vena tunauinua na kuubana. Mguu wa ateri ukiuinua unauzidishia njaa, ukiubana unaweza kuuua. Ndiyo maana kila hatua hapa chini inarudi kwenye swali hilohilo: haifiki, au hairudi?

Nimeandika kwa ajili ya mwenye mguu, ndugu anayemuuguza, na tabibu wa zahanati aliye peke yake zamu ya Jumamosi. Dawa na dozi zake ni za kuandikiwa na daktari aliyemwona mgonjwa kwa macho.

Kwanza, mguu usiosubiri

Mguu ukiuma ghafla, ukawa wa baridi kuliko mwenzake, ukapauka, ukaingia ganzi na vidole vikaanza kugoma kusogea, acha kusoma utafute gari. Hiyo ni ateri iliyozibwa na donge la damu, na mara nyingi donge lenyewe limetoka moyoni. Huku kwetu mambo mawili huliandaa donge hilo: moyo unaodunda bila mpangilio, na vali za moyo zilizoharibika utotoni baada ya maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Kwa hiyo usishangae mgonjwa akiwa binti wa miaka 25. Misuli na neva huvumilia kukosa damu kwa takriban saa 6, baada ya hapo uharibifu huwa wa kudumu.

Usiukande kwa maji ya moto, maana ngozi yenye ganzi haijui inaungua. Usiuchue. Usiuweke juu ya mto. Mlaze mgonjwa, mguu uwe sawa na kitanda au chini kidogo, mfunike shuka, asile kitu kwa sababu huenda akaingia chumba cha upasuaji. Andika saa maumivu yalipoanza. Mpeleke hospitali yenye daktari wa upasuaji, na mapokezi usiseme "mguu unauma", sema "mguu umekuwa baridi ghafla tangu saa nne asubuhi". Sentensi hiyo inamsogeza mbele ya foleni. Atachomwa heparini ili donge lisiendelee kukua, kisha donge litatolewa. Kifaa kinachotumika ni mrija mwembamba wenye kipulizo nchani, alichokibuni Thomas Fogarty wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mrija unaingizwa kwenye ateri kupitia kinena, unapitishwa hadi ng'ambo ya donge, kipulizo kinajazwa, halafu unavutwa taratibu na donge linatoka nao.

Dharura ya pili ni mguu uliovimba wa mtu anayeanza ghafla kuhema, kifua kikimchoma anapovuta pumzi, au akikohoa damu. Donge la vena limepanda mapafuni. Naye hangoji kesho.

Ya tatu inatisha kwa macho kuliko ilivyo: vena iliyovimba imepasuka na damu inaruka hadi ukutani. Mlaze chini, inua mguu, gandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Usimfunge kamba pajani.

Hatua ya 1: Uliza, na usiridhike na "mguu unauma"

Maumivu ya ateri yana ratiba. Yanakuja kwa mwendo na kuondoka kwa kusimama. Mchuuzi mmoja wa samaki alinieleza vizuri kuliko kitabu chochote: "Nikitoka nyumbani naishia kwenye mwembe wa msikitini. Kigimbi kinakaza kama kamba ya tanga. Nasimama, najifanya naongea na simu, dakika tatu kinaachia. Halafu tena kwa Mangi, najifanya naulizia vocha." Kila siku ni mwembe uleule na duka lilelile. Basi usimuulize mgonjwa mita ngapi, hana futi kamba njiani. Muulize anaishia wapi, uandike kwenye faili. Akirudi baada ya miezi mitatu akasema siku hizi hata mwembe haufiki, ugonjwa unasonga mbele.

Maumivu yakiwa pajani au kwenye kalio, kizuizi kiko juu zaidi, tumboni au kinenani. Kwa mwanaume uliza pia nguvu za kiume, taratibu na bila watu kusikiliza. Ateri ndiyo hiyohiyo, na wengi wamezunguka kwa waganga miaka miwili kwa tatizo ambalo lingeonekana kwa kumgusa kinena.

Yapo maumivu ya mgongo yanayojifanya ya ateri. Huyo kusimama hakumsaidii, mpaka akae au ainame mbele. Ndiyo maana baiskeli au toroli anaisukuma vizuri kuliko kutembea wima.

Maumivu ya vena hayana haraka. Ni uzito, mchoko, miwasho, mguu kujaa kufikia jioni, hasa kwa wanaosimama kutwa: mwalimu, mama lishe, kinyozi, askari wa barabarani. Akitembea anapata nafuu, akiinua miguu anapata nafuu zaidi.

Kisha uliza swali ninalolipenda kuliko yote: usiku unalalaje? Mwenye vena anaweka mto chini ya mguu. Mwenye ateri iliyoziba sana anaamka saa nane za usiku, anauning'iniza mguu nje ya kitanda ili damu ishuke, na wengine huhamia kabisa kwenye kiti. Kwa kulala ameketi hivyo mguu unavimba, na tabibu asiyeuliza anauona uvimbe na kusema vena. Yule mzee wangu alikuwa mlinzi, analala kwenye kiti mchana. Nilikuwa na jibu mbele yangu sikuuliza.

Hatua ya 2: Vua, tazama, linganisha

Viatu, soksi na suruali vitoke, miguu yote miwili, kwenye mwanga wa dirisha. Mama mpe kanga ajifunike, atakuonyesha bila kujibana. Mguu mmoja peke yake hausemi kitu, mwenzake ndiye kipimo.

Vitabu vingi husema mguu wa ateri ni "mweupe" na wenye donge kwenye vena ni "mwekundu". Hayo ni macho ya mtu anayetibu ngozi nyeupe. Kwa ngozi nyeusi tazama wayo na kucha, ulinganishe na kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Kwenye kigimbi chenye donge wekundu huenda usiuone kabisa, utaona ngozi imetanuka na inang'aa, na mgongo wa kiganja chako utahisi joto.

Mguu wa ateri ni mkavu, mwembamba, ngozi laini inayong'aa, vinyweleo vya muundini vimepukutika, kucha nene zisizokua. Mlaze mgonjwa, inua mguu nyuzi 45 kwa dakika moja au mbili, na wayo utapoteza rangi. Kisha akae aning'inize, na utaona rangi inarudi polepole, halafu mguu unaiva wekundu wa kuiva kupita kiasi. Tabibu mgeni akiuona mguu huo ukining'inia atadhani una damu ya kutosha.

Mguu wa vena usiutazame mgonjwa akiwa amelala, vena zinanywea. Msimamishe dakika mbili. Utaona zimejikunja kama mizizi ya mkoko. Juu ya kifundo, upande wa ndani, ngozi inakuwa nyeusi zaidi au ya kahawia, inakauka, inawasha, na ikikaa miaka inakuwa ngumu na kujibana hadi mguu unafanana na chupa ya soda iliyogeuzwa juu chini. Weusi huo ni madini ya chuma kutoka kwenye damu iliyovuja. Haupauki kwa krimu, hata hizo za bei mbaya.

Hatua ya 3: Gusa mapigo

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa.

Kwanza pitisha mgongo wa kiganja chako toka gotini hadi vidoleni, miguu yote miwili, utafute mahali joto linapobadilika. Kisha tumia vidole viwili, cha shahada na cha kati. Usitumie dole gumba, lina mapigo yake na utajihesabu mwenyewe.

Mwambie mgonjwa ainue kidole gumba cha mguu kuelekea usoni kwake. Kamba ya msuli itajitokeza juu ya mguu. Weka vidole nje kidogo ya kamba hiyo, upande wa vidole vidogo, katikati ya mgongo wa mguu. Gusa kama unayesikiliza, usigandamize, maana ateri ile iko juu ya mfupa na ukiikandamiza unaizima. Subiri. Watu wachache wazima kabisa hawana mapigo mahali hapo tangu kuzaliwa, hivyo ukikosa usitangaze msiba. Hamia nyuma ya kifundo cha ndani, kwenye bonde kati ya mfupa na mshipi wa kisigino. Haya ya pili yakikosekana, panda nyuma ya goti, kisha kinenani. Kizuizi kiko kati ya mapigo ya mwisho unayoyapata na yale yaliyokosekana chini yake.

Mapigo ya nyuma ya goti huwa magumu kuyapata. Ukiyapata kwa urahisi mno, mapana na yanayorusha vidole, shuku ateri iliyotuna kama puto na umpeleke mgonjwa kwenye ultrasaundi ya goti na ya tumbo pia. Aota ya tumboni, yaani ateri kuu itokayo moyoni, ikifika upana wa sentimita 3 inahesabiwa imetuna, na kwa wanaume ikifika 5.5 huzungumziwa upasuaji kabla haijapasuka yenyewe.

Hatua ya 4: Pima presha ya mguu

Kipimo hiki hakihitaji mashine ya mamilioni. Unahitaji mkanda wa presha wa kawaida, jeli, na dopla ndogo ya mkononi, kifaa cha kusikilizia damu ikipita mshipani. Dopla ya kusikilizia mtoto tumboni imetengenezwa kusikiliza kina kirefu. Ya mishipa ya mguu ni ya megahezi 8, na ndiyo ya kuagiza.

Mgonjwa alale chali dakika 10, asiwe ametoka kuvuta sigara. Pima presha ya juu ya mikono yote miwili, uchukue iliyo kubwa. Kisha funga mkanda juu kidogo ya vifundo, weka dopla juu ya ateri ya mgongo wa mguu, jaza upepo hadi sauti ipotee, achia taratibu, na namba ambayo sauti inarudi ndiyo unayoandika. Rudia kwenye ateri ya nyuma ya kifundo. Chukua kubwa ya mguu huo, gawanya kwa kubwa ya mkono.

Mfano: mkono 150, mguu 90. 90 gawanya kwa 150 ni 0.60. Kuanzia 1.00 hadi 1.40 ni sawa. 0.91 hadi 0.99 ni mpakani. 0.90 kushuka chini, ateri ina ugonjwa. Chini ya 0.40, mguu uko hatarini. Ikizidi 1.40 usifurahi: kwa wenye kisukari cha muda mrefu na wagonjwa wa figo kuta za ateri zimejaa chokaa, mkanda hauwezi kuzibana, na namba inadanganya. Hapo amini sikio. Ateri nzima inapiga sauti yenye vipande, pwa-ta-ta. Iliyoziba inavuma upepo mmoja mrefu, vuuu, kama mtu anayepuliza jiko la mkaa.

Mikono ikitofautiana sana, tuseme kwa 20 na zaidi, andika hilo pia. Kwa mwanamke kijana mwenye mapigo hafifu mkononi kuna ugonjwa wa kuta za ateri kubwa unaoitwa kwa jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani aliyeeleza dalili zake za machoni mwaka 1908. Nao unakwenda kwa bingwa.

Hatua ya 5: Mguu mmoja umevimba kwa siku chache

Hapa unatafuta donge la damu kwenye vena ya ndani. Chukua futi ya fundi cherehani. Tafuta kile kinundu cha mfupa chini ya goti mbele, shuka sentimita 10, tia alama ya kalamu, zungusha futi hapo, miguu yote miwili. Tofauti ikizidi sentimita 3, ipe alama 1. Alama nyingine mojamoja: mguu mzima umevimba, ukibonyeza kunabaki shimo kwenye mguu huo tu, kuna uchungu kwa kufuata njia ya vena za ndani, vena ndogo za juu zimejitokeza ambazo si zile za zamani, mgonjwa ana saratani, mguu umepooza au una plasta, alilala kitandani siku 3 au zaidi, au alifanyiwa upasuaji mkubwa ndani ya wiki 12, aliwahi kuwa na donge kabla. Punguza alama 2 kama kuna maelezo mengine yanayoingia akilini vilevile, mfano jipu au maambukizi ya ngozi. Zikifika 2 na kuendelea, donge lina uwezekano mkubwa, aende ultrasaundi leo. Fundi atabonyeza vena kwa kile kichwa cha mashine. Vena nzima inalala bapa, yenye donge inakataa.

Mjamzito, na mama ndani ya wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua, mshuku hata akiwa na alama chache. Kwao mguu wa kushoto ndio unaoongoza, kwa sababu vena ya upande huo inapita chini ya ateri ndani ya nyonga na kubanwa. Ile kauli ya "ni kawaida, umejifungua, miguu inajaa" ni kweli kwa miguu miwili. Kwa mmoja, sivyo.

Watu wa Pwani wakiona mguu umevimba husema matende. Matende huja kwa miaka, ngozi ikiwa nene na yenye mikunjo, wala hayaanzi Jumatatu yakajaa Alhamisi.

Donge likithibitika, mguu usichuliwe. Najua mkono wa bibi na mafuta ya karafuu una heshima yake, nami nimekulia humo, lakini donge bichi likisukumwa linaweza kung'oka likaelekea mapafuni. Kuchanja chale nako ni kumfungulia damu mtu anayekaribia kuanza dawa za kuzuia damu isigande.

Dawa zenyewe hutumika walau miezi 3. Ya zamani ni wafarini, yenye historia ya ajabu: miaka ya 1920 ng'ombe wa Marekani na Kanada walitokwa damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyovunda, watafiti wa Wisconsin wakakitafuta kilichowaua, na dawa iliyozaliwa humo ikauzwa kama sumu ya panya mwaka 1948 kabla ya kukubaliwa kwa binadamu mwaka 1954. Ndiyo maana inapimwa kila mara kwa INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, ambayo kwa donge la mguu tunaitaka kati ya 2 na 3. Mchicha na kisamvu usiviache, kula kiasi kilekile kila wiki. Anayekula sahani tatu wiki hii na kususa wiki ijayo ndiye anayetuchanganya. Dawa mpya kama rivaroksabani hazidai kipimo hicho, ila hazifai kwa mjamzito wala kwa anayenyonyesha. Mjamzito hutibiwa kwa sindano za heparini.

Kama mgonjwa anatumia dawa za kifua kikuu, sema kabla hujaandikiwa chochote. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huivunja nguvu wafarini, na kwa rivaroksabani kwa kawaida mchanganyiko huo huepukwa kabisa. Tena siku ya kumaliza dawa za TB dozi ya wafarini lazima ipimwe upya, la sivyo ile iliyokuwa inatosha inageuka kubwa mno. Na diklofenaki ya duka la dawa, ile inayonunuliwa kama pipi, ikikutana na dawa hizi tumbo linaweza kutoka damu.

Hatua ya 6: Ateri imeziba taratibu, unafanyaje?

Sigara kwanza. Kupunguza hakutoshi. Kuna ugonjwa wa ateri ndogo, aliouchambua Leo Buerger mwaka 1908, unaowakamata wavutaji vijana na kuwala vidole kimoja kimoja, na dawa yake ya kweli ni kuacha tumbaku ya kila namna, ugoro ukiwemo.

Ya pili haina gharama: kutembea. Mara 3 kwa wiki au zaidi, dakika 30 hadi 45. Tembea mpaka maumivu yawe makali kiasi, simama yaishe, endelea. Usiyakimbie maumivu hayo, ndiyo yanayofundisha misuli kutumia damu kidogo vizuri na kuzitanua njia za pembeni. Baada ya wiki 12 wengi huupita mwembe wao. Hii ni kwa anayeumia akitembea tu. Mwenye maumivu usiku au kidonda hapewi mazoezi, anapewa rufaa.

Juu ya hayo kuna statini ya kushusha kolesteroli, kuna aspirini au klopidogreli ya kuzuia damu isigande, na kuna kudhibiti sukari na presha. Vidonge hivi havizibui bomba, vinazuia lisizibe zaidi, na vinalinda moyo na ubongo, kwa sababu uchafu ulioko mguuni haukuishia mguuni.

Kuzibua kwenyewe ni kwa puto au kwa njia ya kupita pembeni. Kutanua mshipa kutoka ndani kulianzia Portland, Oregon, Marekani, tarehe 16 Januari 1964, kabla ya puto lenyewe kuja, Charles Dotter alipoutanua kwa mirija mshipa wa bibi wa miaka 82 aliyekuwa amekataa kukatwa mguu. Bibi aliondoka na mguu wake. Njia ya kupita pembeni ni upasuaji, na bomba bora la kutumia ni vena ya mgonjwa mwenyewe toka pajani. Dar es Salaam wataalamu wa mishipa wapo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ndani ya eneo la Muhimbili. Kabla ya picha ya CT ya mishipa, pima figo, maana dawa ya kung'arisha picha hupitia huko.

Yule mzee vidole viwili vilikatwa, mguu ukabaki. Sigara aliacha siku ileile, akaniambia anaacha kwa hasira.

Hatua ya 7: Vena zilizovimba, na vidonda

Mahali kidonda kilipo kinakwambia nusu ya habari. Juu ya kifundo cha ndani, kipana, hakina kina, kingo za ovyo, kinatoa maji: vena. Ncha ya kidole au kisigino, kidogo, kama kimetobolewa, kikavu, kinauma mno: ateri. Chini ya wayo, kina sugu pembeni, hakiumi hata kidogo: kisukari kimeua hisia, na huyo anahitaji kiatu sahihi kabla ya dawa. Kilichokaa miaka na sasa kinaota nyama kingoni, kikatwe kipande kipimwe saratani. Usimimine unga wa kapsuli za antibiotiki. Unakausha juu, usaha unabaki chini.

Kidonda cha vena hupona kwa kubanwa, dawa ya juu ni nyongeza tu. Lakini rudi kwenye namba ya hatua ya 4. Ikiwa 0.8 na zaidi na mapigo yapo, bana kikamilifu. Kati ya 0.5 na 0.8, kwa wepesi na chini ya macho ya mtaalamu. Chini ya 0.5, usibane. Namba iliyozidi 1.40 usiitumie kuruhusu chochote. Bandeji inaanzia kwenye shina la vidole, mguu ukiwa umekunjwa kama wa mtu aliyesimama, inapitia kisiginoni bila kuacha dirisha, inaishia vidole viwili chini ya goti. Inakaza zaidi kifundoni na kulegea kadiri inavyopanda. Ukiifunga kinyume umeweka kizuizi. Baada ya kufunga, mwache atembee nusu saa, kisha mwambie achezeshe vidole na umuulize kuhusu ganzi. Nyumbani maumivu yakizidi, aifungue mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu.

Vena zenyewe zikisumbua, siku hizi huzibwa kwa joto la leza au la mawimbi ya redio kupitia tundu dogo, au kwa povu la dawa. Kuing'oa vena nzima kwa upasuaji bado kunafanyika pale vifaa hivyo havipo. Ultrasaundi itangulie, ionyeshe kwamba vena za ndani ziko wazi, kwa sababu ukiziba za juu wakati za ndani zimeziba, damu itapita wapi?

Kidonda kikifunga, soksi za kubana zinachukua zamu. Vaa alfajiri kabla hujashuka kitandani, mguu ukiwa haujajaa, vua wakati wa kulala. Pete na kucha ndefu huzitoboa, kwa hiyo wengine huvaa glavu za kuoshea vyombo kuzivuta, na zinashika vizuri kweli. Fua kwa mkono, anika kivulini. Mpira wake unachoka baada ya miezi 6 hivi hata kama kitambaa bado kinang'aa. Andika tarehe ya kununua kwa kalamu kwenye lebo ya ndani.